Maji Aliyokunywa Thumama

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika zama za kale, mipakani mwa nchi ya Khurasani, palikuwa na mji mdogo wa ngome uliokaliwa na watu wa ibada na ulinzi. Walilima ngano, wakasoma, wakasali, na ngoma ya hatari ilipolia waliacha jembe na msahafu wakapanda farasi. Walikuwa watu wema. Tena walikuwa watu kama sisi, wenye kupenda sifa.

Mwajua, ndugu zangu, kwamba shahidi aliyeuawa papo hapo uwanjani haoshwi wala havuliwi nguo zake. Huzikwa na damu yake, ili aje nayo Siku ya Kiyama ikinukia miski. Lakini aliyetolewa vitani yu hai, akala, au akanywa, au akatibiwa, au wakati wa Sala ukampitia ilhali akili anazo, huyo huoshwa na kuvishwa sanda kama maiti wengine, ingawa ujira wake kwa Mola wake ni ule ule wa shahidi. Hiyo ni sharia, nayo ina hekima yake. Watu wa ngome ile wakaongeza la kwao. Wale wa kwanza waliwazika ndani ya mji, chini ya ukuta, mahali walipopaita Makaburi ya Damu. Wale wa pili waliwatoa nje ya lango, wakalale pamoja na waliokufa kwa homa na kwa uzee. Sharia haikuwaagiza hivyo, lakini binadamu hupenda safu ya mbele hata kaburini.

Katika mji huo aliishi mjane mmoja mcha Mungu aliyejulikana kwa jina la mwanawe, Mama Thumama. Mumewe alikuwa amelala katika Makaburi ya Damu. Kando ya kaburi lile palibaki nafasi, na kila Ijumaa alipokwenda kuzuru aling'oa magugu hata pale palipo patupu. Hakumwombea mwanawe kifo, hasha. Ni mama gani huyo? Aliomba tu kwamba kikija, kije kama kilivyomjia baba yake. Na kila jirani alijua kuwa nafasi ile ni ya Thumama.

Huyo Thumama alikuwa askari wa farasi, mtu wa mzaha na tabasamu, asiyeweza kukaa na jambo zito bila kulitafutia kichekesho. Alikuwa na dada yake mdogo, Unaysa, mmoja wa wanawake waliofuata jeshi na viriba vya maji, wakiwanywesha wenye kiu na kufunga majeraha. Kisa hiki ni cha Thumama, lakini mtihani ulimwangukia Unaysa.

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, watu wa milimani waliushambulia uwanda alfajiri. Waliua wavunaji kadhaa katika mashamba yao, kisha wakaelekea kwenye kivuko cha mawe, ambako wanawake na wazee walikuwa wakivuka mto na mikokoteni ya ngano kukimbilia ngomeni. Kivuko kile kilikuwa chembamba, na mawe yake yalikuwa na utelezi. Thumama alipoona jeshi liko mbali na adui yu karibu, alishuka farasi, akampiga kofi la kiunoni aende zake, akasimama peke yake juu ya mawe yale na upanga na ngao. Alisimama hadi mkokoteni wa mwisho ulipofika ng'ambo. Waliomjia mmoja mmoja aliwarudisha, na waliomjia wawili wawili waligongana wenyewe, wakaangukia majini. Farasi wa Amiri Dhirari, mkuu wa jeshi la ngome, walipotokea hatimaye, mkuki ulimpata Thumama chini ya mbavu. Jeshi zima lilimwona akianguka mtoni. Wapanda farasi wakapita pale alipokuwa wakimfukuza adui kuelekea mlimani, na kila mmoja wao alikuwa na yakini kwamba Thumama amekata roho kabla hajagusa maji.

Thumama hakufa. Mkondo ulimchukua, ukamtupa kwenye matete karibu na kinu cha maji cha kusagia ngano. Akatambaa hadi ukingoni, na hapo akasikia sauti za watu ndani ya kinu. Walikuwa maadui, kikundi kidogo kilichokatika na wenzao, wamejificha humo na silaha zao. Thumama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na upanga mkononi na tundu ubavuni. Saa ile hata paka angemshinda.

Basi tazameni, ndugu zangu. Pale kivukoni alisimama akiwa mzima, na watu wakimwona. Hapa hakuonwa na yeyote isipokuwa Mola wake. Aliinuka, akalifunika jeraha kwa joho, akaegemea mwimo wa mlango kama mtu aliyechoka kungoja. Akanadi kwa lugha ya milimani, aliyojifunza sokoni: "Enyi mliomo ndani! Njia ya kwenu imefungwa na farasi wetu. Tupeni silaha nje, nami nawapa amani ya Mwenyezi Mungu na ya Waislamu. Hatauawa mmoja wenu."

Na amani ikitolewa na Mwislamu mmoja, hata awe wa chini kabisa katika jeshi, huwafunga Waislamu wote. Watu wa milimani walilijua hilo. Wakatupa silaha zao nje. Thumama akafungua kilemba chake akampa mkubwa wao, mzee aitwaye Bahrami, kiwe alama ya ahadi kama ilivyokuwa desturi ya mipakani. Kisha akaketi juu ya rundo la silaha zile, kwa kuwa miguu ilikuwa imekwisha kazi.

Hapo ndipo Unaysa alipomkuta. Alikuwa amefuata ukingo wa mto akiitafuta maiti ya kaka yake. Alipomwona anapumua alipiga ukelele, akamwangukia.

"Taratibu, mdogo wangu," Thumama akasema. "Waliomo ndani watadhani nimekufa, na mimi sina nafasi ya kufa sasa hivi. Nipe maji."

Unaysa akashika kiriba, lakini mkono ukasita. Alikuwa binti wa aliyezikwa kwa damu yake, na sharia aliijua. Jeraha lenyewe alilitazama mara moja tu akajua kwamba kaka yake hatafika kesho.

"Kaka," akamwambia kwa sauti ndogo, "ukinywa, utaoshwa. Mama ameweka nafasi kando ya baba."

Thumama akamtazama, akacheka, ijapokuwa kucheka kulimuuma. "Kwani maji ya kuoshea maiti yanaunguza? Nipe, Unaysa. Nimetoa ahadi na hakuna Mwislamu aliyeisikia ila mimi. Nikifa kabla ya kumwona Amiri, watu hawa wameuawa kwa neno langu. Nipe maji, unifunge na jeraha, nisukume siku mbele kidogo."

Akampa, akanywa. Unaysa akachana ushungi wake, akamfunga ubavu, akaukaza kwa fundo la wanawake wa viriba. Jua likapanda likapinduka. Wakati wa Adhuhuri ukaingia, na Thumama akasali kwa ishara ya kichwa, mgongo wake ukiegemea mlango. Kila alipotaka kulala alijifinya mkono. Mara kwa mara aliuliza, "Vumbi la farasi halijaonekana?" na Unaysa akajibu kwamba bado. Karibu na Alasiri alisema, "Kama mimi sikuwahi, wewe utasema." Unaysa akaitikia kwa kichwa. Thumama akatamka shahada, akapumzika.

Askari wa mbele wa Amiri walifika muda mfupi baadaye. Waliwakamata watu wa kinu, wakawafunga kamba bila kuwasikiliza. Walipomkuta Unaysa analia juu ya maiti iliyofunikwa joho, walidhani amemvuta ndugu yake kutoka majini. "Hongera, binti wa shahidi!" akasema mmoja wao huku machozi yanamtoka. "Sote tulimwona. Amekufa mbele ya macho ya jeshi, hata ladha ya maji hakuionja. Atalala na baba yenu."

Unaysa akafumbua mdomo, akaufumba. Akilini alimwona mama yake, alikiona kile kipande cha ardhi kisicho na magugu. Tena aliona aibu: watu watauliza nani aliyempa maji, na jibu ni yeye. Akajiambia kwamba kilemba kipo mikononi mwa Bahrami, na kilemba cha amani kinajulikana na kila mtu wa mipakani. Hapana haja ya ulimi wake. Ndivyo nafsi ifanyavyo, ndugu zangu. Haimwambii mtu aseme uongo, maana anaweza kukataa. Humwambia anyamaze kidogo tu, hadi kesho.

Asubuhi ya pili mji wote ulikusanyika chini ya ukuta. Jeneza la Thumama liliwekwa mbele, naye amefunikwa joho lake lililokauka damu. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya baba yake. Ilikuwa ada yao kwamba kabla ya kuzikwa mtu wa namna ile, waliopigana naye wasimame wamtaje kwa yale waliyoyaona kwa macho yao. Mpanda farasi mmoja akasimulia habari za kivuko na mawe yenye utelezi. Mwanamke aliyekuwa kwenye mkokoteni wa mwisho akasema, "Niligeuka nikamwona, mgongo wake ulikuwa kwetu na uso wake kwao, na hakugeuka hata mara moja kutazama kama tumefika." Watu wakalia na kuhimidi. Mama Thumama alikuwa amesimama wima, macho makavu, ameushika mkono wa bintiye. Unaysa hakuwahi kumwona mama yake akiwa mzuri kama siku ile, na moyo ulimuuma kwa mapenzi.

Kisha Amiri Dhirari akaamuru mateka waletwe. Amiri alikuwa mtu mwadilifu, lakini jana yake alikuwa amewazika wavunaji kwa mikono yake, na hasira ilikuwa haijapoa. Alikwisha kukata shauri kwamba watauawa kabla Thumama hajateremshwa kaburini. Hapo mzee Bahrami akainua kilemba kwa mikono iliyofungwa.

"Tuna amani," akasema kwa Kiarabu cha kuokoteza. "Mtu wenu alitupa. Huyu hapa." Akaonyesha jeneza.

Watu wakaguna. Amiri akasema, "Huyu alikufa kivukoni asubuhi, na jeshi langu lote ni shahidi. Nyinyi mmeshikwa kinuni. Maiti haitoi amani. Kilemba mmemvua alipokuwa akielea mtoni, na huo ni wizi juu ya mauaji."

"Alikuwa hai," mzee akashikilia. "Alikaa mlangoni hadi jua likainama. Palikuwa na mwanamke, ana kiriba. Alimpa maji."

Amiri akawatazama wanawake waliojifunika shungi zao, akauliza kwa sauti kavu, "Wanawake wa viriba ni wengi. Yuko wapi huyo?"

Unaysa akainamisha uso. Mama yake akamwinamia, akanong'ona, "Mwanangu, mbona mkono wako umekuwa baridi?"

Kadhi wa mji, Sheikh Sahli, alikuwa mzee asiye na haraka. Akainua fimbo yake. "Amiri, subiri. Kabla ya maziko mimi nina swali ambalo sharia inanilazimu kuliuliza, na naona swali lako na langu jibu lao ni moja." Akawageukia watu. "Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kuna yeyote ajuaye kwamba marehemu, baada ya kujeruhiwa, alikula, au alikunywa, au alitibiwa, au wakati wa Sala ulimpitia akiwa na akili zake?"

Kama yupo, basi Thumama ataoshwa, na kaburi la ndani litafukiwa tupu. Kama hayupo, Thumama atazikwa na fahari yake, na watu wale watakatwa vichwa. Hapakuwa na njia ya tatu. Unaysa akatazama shimo lililochimbwa, akamtazama mzee aliyeshika kilemba cha kaka yake kama mtu ashikavyo mtoto mchanga. Akaona kwamba akinyamaza, Thumama atalala pale kando ya baba yake akiwa mvunja ahadi, na yeye hakumjua kaka yake kuwa mvunja ahadi.

Akautoa mkono wake mkononi mwa mama yake, akapiga hatua mbele.

"Mimi ndiye mwenye kiriba," akasema. "Alikunywa kwa mkono wangu. Nilimfunga jeraha. Adhuhuri ilimkuta akasali. Na amani aliitoa kwa ulimi wake."

Zogo likaruka. Bibi mmoja nyuma akasema wazi, "Astaghfirullahi! Si ungenyamaza tu, mtoto wewe?" Amiri akamkazia macho. "Unaelewa unalolisema? Unamwondoa ndugu yako kwa baba yake kwa ajili ya waliomuua."

"Naelewa, Amiri. Jana nilielewa pia, nikanyamaza. Naomba msamaha wa Mwenyezi Mungu, na wao wanisamehe."

Sheikh Sahli akauliza kwa upole, "Binti yangu, kuna dalili?"

"Liinueni joho. Chini yake mtakuta ushungi wangu. Fundo ni la kwetu sisi."

Kadhi mwenyewe akaliinua joho. Kitambaa kilikuwapo, kimekazwa ubavuni, na wanawake wa viriba waliitwa wakalitambua fundo. Kadhi akamgeukia Amiri. "Mtu husema uongo ili apate kitu. Huyu amesema, na kila alichokuwa nacho kimemtoka. Dalili nyingine ya nini?"

Amiri Dhirari akautazama ushungi ule. Akauliza, "Alikaa pale tangu asubuhi hadi Alasiri, na jeraha lile?" Unaysa akasema ndiyo. "Akiningoja mimi?" Akasema ndiyo. Amiri akachomoa kisu chake, akaenda akakata kamba za mateka mmoja baada ya mmoja, bila kumpa mtu mwingine kazi hiyo. Alipomaliza akasema kwa sauti ya kusikika ukuta mzima, "Aliyepewa amani na Thumama amepewa na mimi, na kila mmoja wenu. Anayewagusa ananigusa."

Lakini Mama Thumama alikuwa ameketi chini. Unaysa akamwendea kwa magoti, hakuthubutu kuinua uso.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe lipi?" mama akasema, na sauti yake ilikuwa kali. "Maji, au kimya chako?"

Unaysa akashika pindo la nguo ya mama yake.

"Kama ni maji, ulimpa mtoto wangu mwenye kiu, na Mola akulipe. Lakini ulinileta hapa nimzike mtu aliyekufa mara moja kwa mkuki, basi. Na kumbe mwanangu aliyazuia mauti kwa mkono mmoja kutwa nzima, asimwache mtu afe kwa neno lake. Ungeninyima nusu ya mwanangu, Unaysa. Nusu iliyo kubwa."

Akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana, akamvuta bintiye kifuani wakalia pamoja. Kisha akajifuta, akainuka, akamwambia Kadhi, "Sheikh wangu, mwosheni. Na mumwoshe vizuri, kwa maji mengi."

Wasimulizi wanasema kwamba waliochota maji hayo mtoni walikuwa wale wale watu wa milimani. Hakuna aliyewaamrisha, na mlango wa kwenda kwao ulikuwa wazi. Waliokota mitungi, wakashuka, wakapanda, mzee Bahrami akiwatangulia, na waliteka maji mengi kuliko maiti moja inavyohitaji. Amiri Dhirari na Sheikh Sahli ndio walioosha. Thumama akavishwa sanda nyeupe, akasaliwa, akatolewa nje ya lango, akazikwa baina ya mwokaji mikate na mtoto aliyekufa kwa surua. Mji mzima ulimsindikiza, na ndani ya ukuta walibaki walinzi tu.

Wala ule ukuta haukuvunjwa siku ile, wala watu hawakuiacha desturi yao mara moja. Binadamu ni wazito. Ila Mama Thumama alipofikiwa na siku yake ya kufa, baada ya miaka, aliusia azikwe nje, ubavuni mwa mwanawe. Alisema mumewe atamwelewa.

Nasi tuliosalia, ndugu zangu, tunapowataja mashujaa wetu tuogope kuwapunguza kwa kuwasifu. Tumeambiwa msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na twalisema jambo hilo kwa wepesi maana mara nyingi ukweli hautugharimu kitu. Unaysa ulimgharimu kaburi la kaka yake. Mwenyezi Mungu amrehemu Thumama, amrehemu aliyemnywesha, na atupe sisi ulimi utakaosema siku ambayo kunyamaza kunatufaa.